"Hakuna kitu mule": kisa cha mwanafunzi, katalogi na mji uliobadilisha jina

## Kisa na mipaka yake

Kisa hiki kilitokea katika maktaba moja ya Lubumbashi, Kongo, inayohudumia wanafunzi wa vyuo na watafiti wachache wanaotoka nje. Majina ya maktaba, ya mwanafunzi na ya direkta wake (mwalimu anayesimamia kazi yake) yameachwa, pamoja na chochote ambacho kingemtambulisha. Tumekiandika kwa ajili ya wenzetu wanaokaa kwenye meza ya kupokea wasomaji, na kwa mwanafunzi yeyote anayejiandaa kuandika TFC au memwari, yaani kazi ya kumalizia masomo, juu ya Katanga ya zamani.

Katalogi ya maktaba hiyo iko katika sehemu mbili. Kuna ile ya kompyuta, yenye lugha ya Kifaransa, inayoonyesha kisanduku kimoja cha kuandikia na chini yake kiungo cha "recherche avancée" (utafutaji wa kina) ambacho wasomaji wengi hawakibonyezi kamwe. Halafu kuna droo za mbao zenye fishi za karatasi, kadi moja kwa kila kitabu. Vitabu vingi vya zamani vimeshaingizwa kwenye kompyuta, lakini si vyote, na makarani waliofanya kazi hiyo walipokezana kwa miaka, kila mmoja na mazoea yake ya kuandika. Mkusanyiko wenyewe una vitabu vingi vya wakati wa Wabelgiji, kwa Kifaransa, na vichache kwa Kiholanzi.

## Swali

Mwanafunzi alikuwa mwaka wa mwisho wa historia. Mada yake: chakula walichogawiwa wafanyakazi wa migodi na familia zao mjini Lubumbashi kabla ya uhuru. Ni ile poso ambayo wazee wa mitaa ya Kamalondo na Katuba bado wanaisimulia: unga wa mahindi, mafuta ya mawese, chumvi, foleni ya akina mama siku ya mgao. Alikuwa ameshawahoji wastaafu na watoto wao. Direkta alimwambia masimulizi ni mazuri, lakini sura ya kwanza haitapita bila maandishi ya wakati ule.

Maandishi hayo lazima yalikuwepo. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 ilianza kuwaweka wafanyakazi kambini pamoja na wake na watoto, badala ya kuajiri vijana wapweke kwa mikataba mifupi. Siasa hiyo waliiita "stabilisation". Kampuni inayolisha familia nzima inapima unga, inapima watoto, inaajiri madaktari, na madaktari wanaandika ripoti. Kwa hiyo katalogi ilipojibu sifuri, mkutubi wa zamu hakuiamini. Kujua kwanza kama kitu kinapaswa kuwepo ni nusu ya kazi ya kutafuta, na nusu hiyo haifanyiki kwenye kompyuta.

## Mstari mrefu, jibu sifuri

Alichoandika mwanafunzi kwanza kilikuwa kichwa cha memwari yake kama kilivyo: "l'alimentation des travailleurs des mines et de leurs familles à Lubumbashi". Sifuri. Akajaribu "histoire de la poso". Sifuri tena. Akafupisha: "nutrition mineurs Lubumbashi". Safari hii alipata jibu moja, kazi ya sheria kuhusu ulinzi wa watoto ambao hawajatimiza umri, kwa kuwa "mineurs" kwa Kifaransa ni wachimba migodi na pia ni watoto. Mwishowe akaandika "Lubumbashi" peke yake, na kurasa zikafuatana: malaria, masoko, teksi, uchaguzi, karibu zote kazi za wanafunzi wa miaka ya karibuni.

"Papa, hakuna kitu mule," alimwambia mkutubi. "Nitaenda Google tu."

"Ngoja kwanza, mama. Nionyeshe ulichoandika."

Tatizo la mstari ule mrefu ni la kiufundi na linaeleweka upesi. Katika programu ya maktaba hiyo, nafasi kati ya maneno mawili inasomwa kama ET ("na"): kila neno lazima lipatikane ndani ya notisi ileile, yaani maelezo ya kitabu kimoja kwenye katalogi. Notisi ya kitabu cha zamani ina kichwa, mwandishi, mwaka, idadi ya kurasa na vichwa vya somo viwili au vitatu, yaani maneno ya mada ambayo karani amekipa kitabu. Maneno yote ya mwanafunzi hayawezi kukutana humo hata kama kitabu kinazungumzia jambo lake mwanzo hadi mwisho. Google imewazoesha watu kumwaga sentensi nzima. Katalogi inalinganisha herufi na herufi, basi.

Programu nyingine zinasoma nafasi kama OU ("au"), na hapo msomaji anafunikwa na majibu badala ya kukosa. Njia ya kujua uko kwenye programu ipi ni rahisi: andika neno moja, tazama idadi ya majibu, halafu ongeza neno la pili. Idadi ikipungua, ni ET. Ikiongezeka, ni OU.

## Uamuzi wa kwanza: karatasi kabla ya kibodi

Mkutubi aliamua waachane na kompyuta. Sababu moja ilikuwa foleni ya watu waliosubiri kiti. Sababu kubwa zaidi ni kwamba mwanafunzi alikuwa anabadilisha maneno bila mpango, na kila sifuri mpya ilimsadikisha kwamba maktaba ni tupu.

Walichora safu tatu kwenye karatasi: mahali, watu, jambo. Chini ya kila safu waliandika majina yote ya kitu kilekile, na pembeni mwa jina, miaka ambayo lilitumika. Safu ya mahali ndiyo iliyojaa upesi. Mji uliitwa Élisabethville tangu 1910 hadi 1966. Katika machapisho ya Kiholanzi ni Elisabethstad. Mkoa ni Katanga, kisha Shaba kati ya 1971 na 1997, kisha Katanga tena, na tangu 2015 Haut-Katanga. Nchi ni Congo belge tangu 1908 hadi 1960 na Zaïre tangu 1971 hadi 1997. Kampuni yenyewe ilitaifishwa, ikawa Gécomin mwaka 1967 na baadaye Gécamines. Mtu anayetafuta mambo ya 1935 kwa jina "Lubumbashi" anaomba kitabu kwa jina ambalo mwandishi wake hakuwahi kulitumia kwa mji huo.

Safu ya watu ilileta ugumu wa aina nyingine. Mwanafunzi aliandika "travailleurs", "ouvriers" (wafanyakazi), akasimama. Mkutubi akaongeza "indigènes" (wenyeji, kwa lugha ya wakoloni), "noirs" (weusi), na kifupi M.O.I., yaani "main-d'œuvre indigène" (nguvukazi ya wenyeji), jina la idara ya kampuni iliyosimamia wafanyakazi Waafrika.

Mwanafunzi alikataa. Babu yake alikuwa mmoja wao, alisema, na hataki kuandika neno "indigène". Mkutubi hakumbishia kuhusu neno. Alimweleza kwamba kwenye kisanduku anaita karatasi kwa jina zililopewa na walioziandika. Kwenye sura yake ataandika jina analotaka yeye, na hata anaweza kutumia ukurasa mmoja kulijadili lile la zamani. Alikubali kwa shingo upande. Tunataja hili kwa sababu si mara ya kwanza kuonekana mezani: wasomaji wenye adabu nzuri hukosa vitabu kwa kukwepa maneno mabaya, na hakuna mafunzo ya katalogi yanayowaonya.

Safu ya tatu, maneno ya chakula, mgao na usafi, ilikwenda haraka: alimentation, nourriture, ration, ravitaillement, hygiène.

## Mji, mto na kiwanda

Walirudi kwenye kompyuta na kufungua "recherche avancée". Mwanafunzi, akiwa sasa na jina la zamani mkononi, alitaka kufuta "Lubumbashi" kabisa. Mkutubi alimzuia, waandike "Élisabethville OU Lubumbashi". Ilikuwa sahihi kwa sababu mbili. Mtafiti wa mwaka 1985 anayeandika juu ya 1935 mara nyingi anatumia jina la siku zake. Na kabla ya 1966 Lubumbashi lilikuwa tayari jina la mto, na la kiwanda cha kuyeyushia shaba kilichowashwa mwaka 1911 karibu na mto huo. Kitabu cha zamani chenye neno hilo kwenye notisi kina uwezekano wa kuzungumzia kiwanda, na penye kiwanda pana kambi. Kichujio cha mwaka, "kabla ya 1966", kikiwekwa juu ya "Lubumbashi", kilizifagia kazi zote za malaria na teksi na kuacha vichache vilivyohusu kiwanda na watu wake.

Vituko vya herufi vilichukua muda kuliko ilivyotarajiwa. Programu haikujali kama ni "é" au "e", hilo lilikuwa jema. Lakini "œuvre" na "oeuvre" ilizihesabu kuwa maneno mawili tofauti, na makarani walikuwa wameandika huku na kule. Zaidi ya hapo, mwanafunzi alikuwa anajaribu pia kwa simu yake, na simu iliweka ile apostrofi iliyopinda badala ya iliyonyooka. Kwa programu, "d’œuvre" ya simu lilikuwa neno geni. Mkutubi aliikwepa mitego yote kwa pigo moja: acha "œuvre" na apostrofi yake, andika "main indigene" tu, kwa kuwa ET itayaleta maneno hayo mawili popote yanapokutana.

## Nyota

Alama ya nyota mwishoni mwa neno inaiambia programu ikubali mkia wowote. Mwanafunzi aliipenda mara moja, na kama kila anayeipenda, akaiweka kila mahali.

"Ration*" ilimletea rationalisation na rationnel, vitabu vya uhasibu na usimamizi wa viwanda. "Camp*" ilileta campagne na campus. "Min*" ilileta mawaziri. Kwa upande mwingine "aliment*" ilifanya kazi safi: alimentation, aliments, alimentaire, vyote anavihitaji. Na "nourri*" ilitoa zawadi ambayo hakuna aliyeipanga. Ilishika "nourriture", na pia "nourrissons", watoto wachanga. Ndipo zilipojitokeza ripoti za kliniki za kupimia watoto kambini, ambazo hazikuwa na neno chakula popote kwenye notisi zao, na ambazo baadaye zilibeba sehemu nzima ya sura yake.

Kanuni ya mezani ni kukata neno pale ambapo mzizi wake hauwezi tena kuzaa ukoo mwingine. Kabla ya kuweka nyota, taja kwa sauti maneno mawili matatu yanayoanza na herufi hizo. Ukisikia la ajabu, ongeza herufi moja. Kwa "ration" hata hilo halisaidii. Aliandika "ration OU rations" bila nyota, na mambo yakatulia.

## Notisi moja nzuri

Utafutaji uliofanikiwa ulikuwa huu:

(Élisabethville OU Lubumbashi OU Katanga) ET (aliment* OU nourri* OU ration OU rations OU ravitaillement) ET (indig* OU travailleur* OU ouvri*)

Mabano yana kazi. Bila hayo programu inaweza kuunganisha ET na OU kwa mpangilio wake yenyewe, na majibu yakawa ya kubahatisha. Ndani ya kila bano kuna safu moja ya karatasi. Kati ya mabano, ET. Majibu yalitosha kurasa chache za kusomeka, baadhi ya kando, mengi ya karibu.

Hapa mkutubi alifanya uamuzi ambao tunaona ndio uliookoa muda kuliko mwingine wowote. Hakumruhusu mwanafunzi kuendelea kupitia orodha. Walichagua notisi moja tu iliyolenga shabaha, ripoti ya daktari kuhusu chakula cha watoto kambini, wakaifungua yote hadi chini, kwenye vichwa vya somo na namba ya rafu. Karani aliyeichambua enzi hizo alikuwa ameipa vichwa viwili, kimoja cha hygiène ya viwanda na kingine cha main-d'œuvre, kila kimoja kikifuatwa na Congo belge. Kubonyeza hicho cha pili kulileta vitabu ambavyo utafutaji wa maneno usingevigusa, kwa kuwa vichwa vyake vilikuwa vya jumla mno kiasi cha kutotaja chakula wala mji.

Namba za rafu nazo zilisema jambo. Mwanafunzi alikuwa ameshazunguka rafu za 967.51, historia ya Kongo kwa mpango wa Dewey wa kupanga vitabu kwa namba, akaondoka mikono mitupu. Vitabu vyake vilikuwa vimetawanyika: kazi na ajira kwenye 331, madini kwenye 338.2, usafi na lishe kwenye 613. Mada ya kijamii ya kampuni haikai mahali pamoja, na macho pekee hayawezi kuifuata rafuni.

## Kisichoonekana kwenye katalogi

Sehemu kubwa ya aliyohitaji haikuwa vitabu. Mwaka 1946 kilianzishwa hapa mjini kituo cha kuchunguza matatizo ya kijamii, CEPSI, na jarida lake lilichapisha makala kuhusu mishahara, makazi, lishe na shule za mitaa yetu. Katalogi inalijua jarida kwa jina lake. Makala zilizomo ndani haizijui. Ukiandika "alimentation" haitakujibu hata kama toleo zima linazungumzia unga. Na jarida lenyewe lilibadilisha jina: Bulletin du CEPSI, kisha Problèmes sociaux congolais, kisha Problèmes sociaux zaïrois, hivyo kwenye katalogi linaonekana kama majarida matatu yasiyojuana.

Hakuna mbinu ya neno kuu inayotatua hilo. Mwanafunzi alipewa matoleo na kukaa nayo, akisoma yaliyomo ya kila moja kwa kidole.

Droo za fishi ziliachwa hadi mwisho. Mkutubi alimwelekeza kwenye fishi za waandishi, herufi U, kwa sababu ripoti nyingi za kampuni hazina jina la mtu. Mwandishi ni Union Minière yenyewe. Zilikuwemo ripoti za mwaka ambazo hazijawahi kuingizwa kwenye kompyuta. Aliambiwa pia kwamba nyaraka za ndani za kampuni ziko Ubelgiji, katika Nyaraka za Taifa huko Brussels, ili direkta wake asimdai kitu ambacho hakipo mjini.

## Matokeo

Sura ilipita, ingawa si kwa umbo alilolitaka. Maandishi ya miaka ya 1920 na 1930 yalikuwa machache mno, ya baada ya vita yakawa mengi, na alikubaliana na direkta wake kuanzia 1940. Vitabu vingine vilikuwa kwenye katalogi lakini si rafuni, na mkutubi aliviwekea alama ya "manquant" (hakipo) palepale. Ripoti za kliniki za watoto zilimfanya ageuze swali: kutoka mgao wa wafanyakazi kwenda kwenye namna kampuni ilivyowafuatilia mama na mtoto. Swali hilo hakuwa nalo alipoingia mlangoni.

## Uchambuzi

Kilichofaa zaidi ni karatasi ya safu tatu, na ndani yake, safu ya majina na miaka. Mafunzo mengi ya katalogi yanaanza na ET, OU na SAUF ("isipokuwa"), yanaendelea na nyota, na kumalizikia na alama za nukuu. Kwa maoni yetu hayo ni ya pili. Mwanafunzi huyu angeweza kuzijua alama zote na bado akapata sifuri, kwa kuwa alikuwa anaziambatanisha na "Lubumbashi" na "nutrition". Katika mji ambao tangu 1960 umeona mji, mkoa, nchi na mwajiri mkuu vikibadilisha majina, tungeanza somo kwa ratiba ya majina, na alama zingefuata zikishakuwa na kitu cha kuunganisha.

SAUF ilidhuru. Mwanafunzi, akichoshwa na vitabu vya kilimo, aliandika "SAUF agriculture", na orodha ikawa nzuri kuangalia. Kazi moja muhimu juu ya mashamba yaliyolisha kambi iliondoka nayo, kwa kuwa ilikuwa na vichwa vya somo vya kazi na vya kilimo kwa pamoja. Ilikutwa baadaye kwenye fishi, kwa bahati. Kwa mada zinazogusana, ni afadhali kuvumilia majibu ya ziada na kuyaruka kwa macho.

Umeme ulikatika katikati ya kazi na historia ya utafutaji ikapotea. Mwanafunzi alilazimika kuujenga upya mstari wa mabano kutoka kwenye karatasi, na ilimchukua dakika chache tu kwa sababu karatasi ilikuwepo. Asingekuwa nayo, angeanza upya. Kilichokosekana kwenye karatasi hiyo ni majibu: hakuandika ni mstari upi ulileta nini, akarudia njia zilizokwisha kufungwa.

Droo zingefunguliwa mapema. Kwa mada ya kabla ya 1960 katika maktaba ambayo haijamaliza kuingiza fishi zake, kuanza na kompyuta ni mazoea tu.

Na upande wa maktaba kuna deni. Mwanafunzi alipata msaada kwa sababu mkutubi aliyekuwa zamu anaujua mji. Angekuja siku nyingine, angeishia Google. Kazi hiyo ya kukumbuka inaweza kufanywa na katalogi, kwa kuweka rejea: anayeandika Lubumbashi aambiwe atazame pia Élisabethville, na jarida moja liunganishwe katika majina yake matatu. Rejea ya Lubumbashi imeshawekwa. Likasi na Jadotville, Kalemie na Albertville, bado hazijaunganishwa, na karatasi yenye majina hayo imebandikwa ukutani nyuma ya meza hadi karani atakapoyafikia.